Asili ya Neno Mjane

Simu ilikuja mchana, nikiwa nachagua mchele hapa kwangu Jeddah. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye Raya aliyekuwa akimsomea shangazi yake vitabu mjini Riyadh, zamani. Nikasema ndiye mimi. Akaniambia shangazi yake amefariki huko kwao Ujerumani, usingizini, katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba siku za mwisho alikuwa akinitaja. Nilimpa pole, nikamshukuru kwa kunitafuta, nikaweka simu chini na kurudi kwenye mchele wangu. Nilimaliza kuuchagua, nikauosha, nikaupika, wajukuu wakala wakatoka. Baada ya hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti na kujiambia: Madam Irmgard amekufa. Watu wengine wakipata habari kama hiyo hupiga ukelele. Mimi humaliza kazi niliyoishika. Nilikuwa hivyo hivyo nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na mwaka ninaotaka kuusimulia ni mwaka huo, ambao karibu wote niliupita nikiwa na ganzi, nikitembea na kula na kujibu salamu kama mtu anayetumwa.

Wakati ule kila mtu alikuwa anajenga. Pesa ya mafuta ilikuwa imeifungua nchi yote kwa mkupuo, na meli zilijipanga nje ya bandari ya Jeddah zikisubiri nafasi ya kuteremsha saruji, nyingine kwa miezi. Khamis, mume wangu, alikuwa msimamizi wa makuli pale bandarini. Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili ya ndoa. Asubuhi moja kamba ya winchi ilikatika na shehena ya saruji ikamwangukia. Watu wawili wa kazini kwake walikuja nyumbani kwetu Hindawiyah kutuambia, wakasimama mlangoni na viatu vyao vimejaa vumbi la kijivu, na mmoja wao alikuwa akilia. Mimi niliwaambia waingie, wasikae juani. Niliwatilia chai. Mama mkwe wangu, Bi Sharifa, alikuwa amekwisha kuanguka sakafuni na wanawake wa jirani walikuwa wanamwagia maji, na mimi nilikuwa nauliza nani anataka sukari.

Nilikaa eda katika chumba cha nyuma, chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta, nimevaa nyeupe. Kwetu Unguja mwanamke aliye katika hali hiyo huitwa kizuka, na wanawake wa Kizanzibari wa mtaa ule walikuja kila siku kumtazama kizuka. Waliniletea bokoboko, waliniletea mkate wa kumimina, nami nilikula kila nilichopewa. Nakumbuka hilo kwa sababu lilisemwa. Ukuta kati ya chumba changu na ukumbi ulikuwa mwembamba, na siku moja nilimsikia jirani akimwambia mama mkwe: "Huyu mtoto hajatoa chozi hata moja. Na anakula. Si jambo la kawaida, Bi Sharifa, msomeeni." Mama mkwe akajibu kwa sauti ya uchovu: "Mwacheni. Kila mtu na moyo wake." Nilisikia yote kama maneno yanayomhusu mtu wa nyumba nyingine. Nilijichunguza kutafuta uchungu, kama unavyogusa jino kwa ulimi baada ya kuchomwa sindano ya ganzi. Jino lilikuwapo. Uchungu haukuwapo.

Eda ilipokaribia kwisha mazungumzo ya ukumbini yakageuka. Karatasi zangu za ukaazi, yaani ikama, zilikuwa zimefungamana na za Khamis, na kafili wake, mdhamini aliyemleta kazini, hakuwa na sababu ya kuendelea kunibeba. Mama mkwe alikuwa na jibu lake: niolewe na Seif, mdogo wake Khamis, ili mambo yabaki ndani ya nyumba. Aliniita akaniuliza. Nilisema, "Kama mnavyoona, mama." Ningesema hivyo hivyo kama wangetaka kuniuza. Aliyenizuia ni mjomba wangu Nassor, ndugu wa mama, aliyekuwa mfasiri wa kampuni ya ujenzi Riyadh. Alikuja kwa ajili yangu, akakaa na mama mkwe ukumbini, na nilimsikia akisema taratibu: "Bi Sharifa, mtoto huyu hajui anachokijibu. Nipe mwaka mmoja. Nitashughulikia ikama yake, nitamtafutia kitu cha kufanya. Mwaka ukiisha mwulizeni tena." Nilisikia mama mkwe akimtilia kahawa. Kisha akasema: "Mwaka mmoja. Lakini umrudishe mwenyewe, asije akaniambia kwa simu."

Riyadh wakati ule ilikuwa vumbi na winchi na malori ya maji. Nyumba ya mjomba ilikuwa Malaz, na mtaa wa nyuma yake alikaa bosi wake, mhandisi Mjerumani, pamoja na mkewe. Mke huyo ndiye aliyekuwa akitafuta mtu. Alikuwa mtaalamu wa lugha za kale, na macho yake yalikuwa yameanza kumtupa, hawezi tena kusoma maandishi madogo. Mjomba aliwaambia ana mpwa aliyesoma shule ya Unguja, anajua Kiingereza na anaandika kwa taipureta. Hakuwaambia zaidi ya hayo.

Madam Irmgard alikuwa mrefu, mkavu, nywele fupi zenye mvi, na alipenda baridi. Kiyoyozi cha chumba chake cha kazi kilinguruma tangu asubuhi, naye alikaa chini yake na sweta. Siku ya kwanza alinipa kitabu kizito akasema nisome mstari alioutilia alama. Nikamwambia lugha hiyo siijui. "Sikukuuliza kama unaijua," alisema. "Soma herufi kama unavyoziona. Nitakurekebisha." Hilo halikunishinda. Katika chuo cha Kurani tangu utoto nilisoma kwa sauti kitabu ambacho sikuelewa maneno yake, na hakuna aliyeniambia kwamba huko si kusoma. Basi nikasoma. Nilisoma Kigothi, ambacho watu wake wamekwisha duniani na kilichobaki ni kurasa chache za maandiko ya dini. Nilisoma Kiingereza cha kale, Kijerumani cha kale, Kisaksoni. Aliniambia hizo zote zilikuwa ndugu, kama Kiswahili kilivyo na udugu na Kizigua na Kipokomo, na kwamba yeye alikuwa anafuata neno moja tu katika zote, kurudi nyuma hadi mahali zilipokuwa bado hazijagawanyika. Neno lenyewe lilibadilika kidogo kila lugha. Widuwo. Widuwe. Wituwa. Widowa. Nililisoma pengine mara elfu, nikalipiga taipu kwenye vijikadi, na kwa wiki kadhaa sikuuliza maana yake. Kiingereza changu kilikuwa kinatosha kulitambua, lakini masikio yangu hayakuwa yakisikiliza. Mambo hayakunipa hamu ya kuuliza.

Siku niliyouliza tulikuwa jikoni, tunakula. Alipika mwenyewe, supu ya viazi au ya dengu, na alitaka nikae naye mezani. Nilimwambia, kwa kutafuta cha kusema tu: "Madam, neno hili tunalolisoma, ni nini?"

Alishangaa. "Hujui? Ni mwanamke aliyefiwa na mume. Wengi wanasema shina lake la zamani kabisa ni kutenganishwa, kama ukuni uliopasuliwa. Wengine wanasema ni kuwa mtupu. Mimi hilo la utupu silikubali, na kitabu changu chote ni ugomvi na watu hao." Alikuwa amechangamka, kama kawaida yake alipozungumzia kazi. "Na la mwanaume, unajua walilipataje? Walichukua la mwanamke wakaliongezea mkia. Kwa kawaida huwa kinyume chake. Kwenu mnasemaje?"

"Mjane," nilisema. "Mwanaume, wazee humwita mgane."

"Mjane, mgane." Aliyarudia polepole. "Yanafanana. Lipi lilitangulia?"

"Sijui, Madam. Na akiwa bado yumo ndani ya eda, hajaruhusiwa kutoka, kwetu Unguja anaitwa kizuka."

"Umelijuaje neno hili vizuri hivi, na wewe ni msichana mdogo?"

"Nimekuwa hivyo," nilisema. "Nilivua nyeupe kabla ya kuja huku."

Alivua miwani. Nilingoja aseme maneno wanayosema watu, nikawa nimekwisha kuandaa jibu langu, lile la ahsante, ni mapenzi ya Mungu. Hakuyasema. Alisukuma sahani yake pembeni akakaa akinitazama kwa macho yake mabovu. "Mjomba wako hakuniambia," alisema. "Nimekusomesha neno hilo kama mtu anayemtaka mgonjwa ajisomee maradhi yake."

"Sikusikia kitu, Madam. Ndiyo shida yangu. Sisikii kitu."

"Ala," alisema. "Basi leo hatusomi tena."

Mchana huo, kiyoyozi kikinguruma, aliniambia habari zake. Kabla ya bosi alikuwa na mume mwingine. Walioana wakati wa vita akiwa na umri kama wangu, na mume akapelekwa upande wa mashariki, asirudi. Hakuna aliyesema amekufa. Walisema haonekani. Miaka ikapita hivyo, ameolewa lakini hana mume, amefiwa lakini hana msiba. "Wewe walikupa chumba, walikupa nguo, walikupa siku ya kuingia na siku ya kutoka," alisema. "Mimi sikupewa siku ya kuanza. Watu waliniuliza, wewe ni nani sasa, na sikuwa na neno la kuwajibu, kwa hiyo nikaanza kulitafuta neno." Nikamwambia siku yangu ya kutoka ilifika na nilitoka vile vile nilivyoingia. Alitikisa kichwa. Hakunipa shauri lolote. Baadaye tulirudi kwenye kazi, naye aliniuliza kila asubuhi, "Leo unaweza?" nami nikasema naweza, na ilikuwa kweli.

Bosi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka. Ijumaa alialika wageni, wahandisi wa nchi mbalimbali, na mezani waliongea Kiingereza ili wote waelewane. Nilikuwa napokea vyombo mlangoni nilipomsikia akisema: "Mke wangu anashughulika na neno moja tangu kabla hajanijua. Namwomba Mungu alimalize kabla hajalihitaji kwa ajili yangu." Wageni walicheka. Madam naye alitabasamu kidogo, akaendelea kukata nyama yake. Baadaye bosi alikuja jikoni na sahani mikononi, jambo ambalo mwanaume wa nyumba yetu asingelifanya, akaziweka akasimama.

"Raya, anakwambia habari zake? Za yule wa kwanza?"

Niliendelea kupanga vyombo. Hilo likamjibu.

"Vizuri," alisema. "Mimi hajaniambia kitu. Hata jina nililipata kwa mama yake. Nilimwoa nikidhani habari hizo zitakuja zenyewe." Alifungua bomba, akaosha mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi kwa wageni wake.

Mwaka ulipokaribia kwisha bosi alikuwa na shughuli Jeddah, na mjomba pia alitakiwa kwenda kutafsiri. Ilikuwa ndiyo nafasi ya kutimiza ahadi yake. Madam akasema naye anakuja, amelichoka jangwa, na anataka kumwona huyo mama mkwe. Nilidhani anatania. Lakini alasiri ya pili, amejifunga abaya iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, alipanda pamoja nami ngazi za nyumba ya Hindawiyah, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka.

Mama mkwe alikuwa amepungua sana. Aliweka sambusa na samaki wa kukaanga na kahawa, akamkaribisha mgeni kwa heshima zote, kisha akanigeukia. "Anatafuta nini mzungu huyu kwetu?"

"Anatafuta asili ya neno mjane, mama. Katika lugha za kwao za zamani."

"Ameona ndilo gumu?" Alimtazama Madam kwa muda. "Mimi nimekuwa mjane miaka mingi. Neno hilo nimelizoea. Mwulize kama wanalo la mwanamke aliyefiwa na mtoto wake."

Nilitafsiri. Madam aliweka kikombe chini. Niliona anapita kichwani mwake katika lugha zote zile nilizomsomea, moja baada ya nyingine. "Hapana," alisema mwishowe. "Ninalolijua mimi, hapana."

"Waarabu wanalo," mama mkwe alisema. "Thakla. Jirani yangu wa hapa chini alinambia, akasema wewe sasa ni thakla. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kuna mtu amenipa jina. Sisi Waswahili hatuna, basi nimeliazima kwao." Halafu, bila kubadilisha sauti, na bila kunitazama, aliendelea: "Wananiona nang'ang'ania huyu mtoto aolewe humu humu, wanasema naogopa aibu, naogopa ikama. Ikama halas, mjomba wake ameimaliza. Mimi naogopa akiondoka atakuwa ameondoka mtu wa mwisho aliyemjua Khamis ndani ya nyumba yake. Seif alikuwa safarini miaka hiyo yote. Huyu ndiye aliyemwona akila, akilala, akikasirika. Akiondoka huyu nitaongea na nani?"

Nilitafsiri hayo nayo, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nimeishika. Neno kwa neno, kwa Kiingereza cha shule, nikisema "huyu" nikijikusudia mwenyewe. Nilipofika mwisho Madam alisogea kwenye mkeka akaushika mkono wa mama mkwe, na wakakaa hivyo, hawana lugha. Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilihisi kitu. Niliona haya. Mwaka mzima nilidhani mama yule ananitaka kwa ajili ya mwanawe aliye hai.

Seif alifika jioni kutoka kazini. Tuliachiwa ukumbi, mlango wazi, mjomba ameketi barazani. Alikuwa kijana wa maneno machache, na macho yake alikuwa ameyaweka kwenye kikombe.

"Shemeji," alisema, "mimi nitakuoa kwa sababu mama anataka. Sikufichi. Wewe je?"

"Mimi nilikubali kwa sababu sikuwa na la kukataa."

"Na leo unalo?"

Nilifikiri. "Ninalo," nilisema. "Sitaki, Seif. Lakini kwa mama nitakuja."

Alishusha pumzi ndefu, akainua macho, akanishukuru. Tulikwenda wote wawili kumwambia. Mama mkwe alisikiliza, akafunga macho, akauliza tu: "Utakuja lini?" Nikamwambia nitarudi kuishi Jeddah Madam akishaondoka, nitapanga kwa shangazi yangu mtaa wa pili, na nitakuwa kwake kila siku. Na ndivyo ilivyokuwa, hata nilipokuja kuolewa tena na mtu mwingine, mpaka alipofariki yeye mwenyewe, nami nikiwa nimeshika maji ya kumnywesha.

Lakini kabla ya hapo tulirudi Riyadh kumalizia. Mkataba wa bosi ulikuwa umekwisha, na nyumba ilijaa masanduku. Kitabu cha Madam kilikuwa hakijakwisha. Wanawake wa kaskazini kabisa, wa lugha iliyozungumzwa Aisilandi, walikuwa wameliacha neno la ndugu zao na kushika jingine, ekkja, lenye maana ya aliye peke yake, na hakuweza kueleza kwa nini. Aliniambia ataendelea nalo kwao. Ijumaa ya mwisho hakukuwa na wageni. Tulikula watu watatu jikoni, juu ya meza ambayo ilikuwa imekwisha kuuzwa, supu ya viazi.

Madam akasema, akitazama sahani: "Albrecht alikuwa hali vitunguu."

Bosi aliposikia jina la yule wa kwanza aliweka kijiko chini.

"Alikuwa anavitoa kimoja kimoja, anavipanga ukingoni mwa sahani. Nilikuwa namkasirikia. Tulikuwa na njaa siku zile, na yeye anachagua."

Uso wa bosi ulibadilika rangi. Alitazama supu yake, akaikoroga, akaitazama tena. "Irmgard," alisema, "miaka yote hii unanipikia supu isiyo na vitunguu."

"Najua."

"Mimi napenda vitunguu."

"Najua," alisema Madam. "Mkono haukukubali."

Bosi aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda kwenye kapu la mboga, akachukua kitunguu, akakimenya vibaya vibaya kwa kisu cha mkate, akakikatia ndani ya sahani yake kikiwa kibichi. Akala. Alikula mpaka akamaliza, na mkewe akamtazama. Kisha akaivuta sahani ya mkewe akaikatia kilichobaki, na Madam naye akala. Hawakushikana mikono, hawakusemezana. Nilitaka kuinuka niwaache, lakini bosi alinigeukia, macho mekundu, akaniuliza kwa upole kama mtu anayeuliza njia: "Na wako, Raya? Yeye alikula nini?"

Jina lake sikuwa nimelitamka kwa kauli yangu mwenyewe tangu siku walipomchukua kumzika. Mbele ya mama mkwe nilisema "marehemu", mbele ya mjomba nilisema "yeye".

"Khamis," nilisema. "Alikuwa anakula amesimama." Sauti ilitoka nzito, ngeni masikioni mwangu. Nikawaambia alivyokuwa akila haraka, mkono mmoja ukitafuta ufunguo, na mama yake akimwambia kaa chini mwanangu, naye akijibu nimeshamaliza, mama, na mdomo umejaa. Nikawaambia alivyougua tumbo kwa ajili hiyo, na alivyokataa dawa. Nikawaambia kuhusu ile asubuhi, kwamba nilimgombeza, kwamba alicheka akarudi kutoka mlangoni akakaa kwenye kiti kama mtoto aliyeadhibiwa, akala kipande cha mkate ameketi, kunipendeza, kisha akaenda. Sikulia. Lakini niliongea mpaka supu ikapoa, na kila nilipotaka kunyamaza nilikuta kuna jingine, na wale wawili hawakunikatiza.